Ramani Niliyoifuta

Mabanga, Goma
Jumapili baada ya misa

Kavira,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na baba yako ameenda kuhakikisha nafasi yako kwenye basi la kesho. Nimebaki peke yangu na valizi yako, ambayo umeifunga vizuri kuliko ningeifunga mimi. Kwa hiyo sitaandika habari za nguo, wala chakula cha njiani, wala namna ya kukaa na watu wa Kampala. Hayo yote shangazi zako wamekuambia mpaka ukachoka. Nilikuona jana ukiitikia "ndiyo, shangazi" huku macho yako yakiwa dirishani.

Nataka kukuandikia juu ya ramani. Unajua nimekasirika. Baba yako anasema hasira yangu inasikika hata ninavyokwangua sufuria. Tangu siku ile uliyotuambia kwamba udaktari hutaki tena, kwamba umeomba nafasi ya kusomea kuchora ramani na umeipata, sijakupa jibu la maana. Nilisema "ni sawa," nikaingia jikoni. Haikuwa sawa. Haijawa sawa mpaka leo, na sipendi uondoke ukidhani nimeshatulia.

Nimefundisha jiografia tangu hujazaliwa. Nimebeba ramani ya shule kutoka darasa moja hadi jingine, ile ya kitambaa yenye fimbo mbili, ambayo imetoboka hapa hasa tulipo, kwa sababu kila mwanafunzi akiitwa mbele anakuja kuweka kidole Goma. Ungeniuliza kama mama, ningekujibu kwamba kazi hiyo inachosha roho. Lakini hukuniuliza kama mama. Ulikaa kwenye benchi ukanisikiliza kama mwalimu, na inaonekana nilifundisha vizuri kupita kiasi.

Unakumbuka ninavyoanza kila mwaka, na kile kipande cha udongo cha watu wa Babeli. Walichora duara, wakaweka mji wao katikati, mto ukapita humo, maji ya chumvi yakazunguka pande zote, na dunia ikaishia hapo. Darasa linacheka. Halafu nasema, chukueni karatasi, mchore dunia bila kufungua kitabu. Mnaweka Goma katikati, ziwa chini, volkano ya Nyiragongo juu, barabara ya Sake upande huu, ya Rutshuru upande ule, na pembeni kabisa, kama vitu vilivyosahauliwa na mgeni, Kinshasa na Ulaya. Hapo kicheko kinaisha. Nililipenda sana hilo somo. Nilidhani linatosha kumwonyesha mtoto kwamba kila ramani ina mtu aliyesimama katikati yake.

Baada ya hapo nawapeleka kwa yule Mgiriki aliyekaa Misri, Aleksandria, akakusanya habari za mabaharia na wafanyabiashara, akaandika kwamba Nile inatoka kwenye maziwa yaliyo chini ya Milima ya Mwezi. Hakufika huku. Bibi yako mzaa baba, aliyekulia upande wa Beni, alikuwa akiiona theluji ya Ruwenzori asubuhi mawingu yakifunguka, na hakuna aliyewahi kumwuliza kitu. Lakini maneno ya yule Mgiriki yalinakiliwa karne kwa karne. Mtu wa Venisi ananakili, mtu wa Ujerumani ananakili, wanabadilisha rangi tu. Nilipokuwa kijana hilo lilinichekesha. Sasa linanikera, kwa sababu nimeona hata mimi ninavyonakili.

Na yule mtaalamu Mwarabu aliyefanya kazi kwa mfalme Mkristo wa Sisilia, huyo unampenda. Aliwaita wasafiri mmoja mmoja, akawahoji, na neno ambalo wengi walikubaliana nalo ndilo aliloandika. Akachonga dunia kwenye sahani kubwa ya feza, kusini ikiwa juu, Afrika juu, Ulaya chini. Inasemekana vurugu zilipotokea mjini watu waliivunja sahani wakagawana feza, kikabaki kitabu tu.

Kwa ajili yake nilitundika ile ramani ya shule kichwa chini, na inspekta wa shule akaingia siku hiyohiyo. Ulikuwemo darasani.

"Madame," akasema, "hii karte iko kichwa chini."

"Ndiyo, monsieur l'inspecteur. Ni somo."

"Somo gani? Geuza."

Nikageuza. Kwa woga fimbo ikaniteleza ikaanguka. Wewe ukanyoosha mkono na kuuliza, kwa adabu kabisa, "Madame, juu ya dunia ni wapi?" Inspekta alikutazama, akanitazama, akatoka bila kuaga.

Nyumbani nilikugombeza. Nilikuambia usinitie aibu mbele ya wakubwa. Swali lilikuwa langu, nilikuwa nimelileta mimi darasani, na nikakugombeza kwa kulirudia. Ulichukua bidoni ukaenda kuchota maji. Ningekuwa na akili siku ile ningejifunza kitu juu yangu mwenyewe, na pengine mengine yote yasingetupata. Sikujifunza.

Sasa nikuambie kwa nini niliingia katika mambo haya. Baba yako hudhani ni kwa kupenda kusoma. Ilikuwa kisirani.

Habari yenyewe umeisikia vipande vipande tangu utotoni. Nilikuwa msichana mdogo kule Masisi. Babu yako alikuwa na ng'ombe wachache na shamba la viazi na maharage juu ya kilima ambako wazazi wake wamezikwa. Siku moja walikuja watu wawili kwa gari. Mmoja alikuwa wa ofisi ya ardhi. Mwingine alisema amenunua plantesheni ya zamani ya mzungu fulani. Walikuwa na plani ya ardhi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo yake imekuwa myeupe. Mama yangu aliwapa viti na maziwa. Yule wa ofisi akaitandaza plani kwenye nyasi, akaweka mawe kwenye pembe zake. Kilima chetu chote kilikuwa cha kijani. Hapakuwa na alama ya nyumba hata moja.

"Hapa imeandikwa malisho," akasema. "Hakuna batu."

Babu yako akamwuliza, "Na maziwa unayokunywa, yanatoka wapi?"

"Muzee, usikasirike. Plani ni ya zamani, najua. Lakini ndiyo ile iko na muhuri."

Babu yako akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba hadi makaburini. Niliwafuata. "Huyu ni baba yangu," akasema. "Huyu ni mama yangu. Walikuwa hapa kabla ya hiyo karatasi yako."

Yule mutu hakuwa mbaya. Alivua kofia. Akasema taratibu, karibu kwa huruma, "Muzee, miye nasoma plani. Makaburi siwezi kusoma."

Walimaliza maziwa, wakashukuru. Mvua zilipokwisha walileta nguzo na waya. Tukahamia chini ya kilima, halafu Sake, halafu huku Goma, ambako babu yako aliuza kuni mpaka alipofariki. Sikumsikia tena akitaja jina la kile kilima. Mama yangu alilitaja mara moja, usingizini.

Hapo nilipata somo langu, na nimelibeba maisha yangu yote bila kuligeuza nione upande wa pili. Nilijiambia kwamba shida yetu ilikuwa kutokuwepo kwenye karatasi. Mtu aliyechorwa yuko salama, asiyechorwa anafutwa. Basi nitasoma ramani, nitafundisha ramani, na watoto wa watu kama sisi watajichora wenyewe. Ilikuwa imani nzuri. Nilikuwa nayo hata siku nilipoolewa, na baba yako, mtu wa Butembo aliyezoea kupitisha mizigo barabara ya Kalengera kila wiki, alinicheka kwamba yeye ramani yake ni madereva wenzake.

Nilipokuwa nasomea ualimu nilikutana na habari ya Mfaransa mmoja aliyekaa Parizi na kuchora Afrika bila kuikanyaga. Huyo alichoshwa na wenzake waliokuwa wakijaza bara letu tembo, majumba na mito ya kubuni. Akafuta. Kila kisichokuwa na ushahidi akakitoa, na katikati ya Afrika akaacha peupe. Nilimheshimu sana. Alikuwa mkweli, alitaka kusema, hapa sijui. Lakini waliokuja baada yake walisoma neno jingine. Walisoma, hapa hakuna kitu. Wakaja na rula. Msitari mmoja waliupiga ukapita huku kwetu, juu ya ziwa hili tunamochota maji, kabla hata mmoja wao hajaliona kwa macho. Miaka ikapita ndipo wakatuma tume ipande milima na mawe ya mpaka, kutafuta msitari wao umeangukia shamba la nani.

Hayo yote nayajua. Nimeyafundisha. Ndiyo maana yaliyotokea hapa Mabanga yananichoma kuliko ambavyo yangemchoma mtu asiyejua.

Lile shirika la maji lilipokuja shuleni kwetu, nilifurahi kama mtoto. Walileta simu, wakawafundisha kuweka nukta, mkazunguka avenyu zote mkiandika majina, mabomba, vituo vya afya. Nilipoiona Mabanga yetu kwenye kompyuta, na jina la avenyu yetu limeandikwa bila kosa, nililia kidogo, na nikasema ni vumbi. Kisha nikaona ule upande wa nyuma ya soko, kule kwenye mawe ya volkano ambako watu waliokimbia vita wamejenga vibanda vya mbao na maturubai. Palikuwa peupe.

Nilikwenda ofisini kwao. Kijana aliyenipokea alikuwa na heshima, akanipa soda baridi.

"Madame, kwenye picha ya satelaiti hapo kuna wingu. Na wanafunzi hawakuruhusiwa kufika, kwa sababu ya usalama. Tutapajaza baadaye."

"Wingu hilo lilipita siku ile ya picha," nikamwambia. "Watu wako pale kila siku."

"Nakuelewa, Madame. Lakini matangi tunayaweka kufuatana na karte. Na kwa sasa karte inaonyesha hapo hakuna batu."

Maneno yaleyale, Kavira. Nilikunywa soda yake mpaka mwisho, nikashukuru, nikatoka. Nimefikiri mara nyingi juu ya kushukuru kule.

Mama Riziki, anayeuza samaki wa sambaza mbele ya mlango wetu, anaishi pale kwenye mawe. Tangi la karibu lilikuwa mbali naye, na foleni yake ni ya kukaa nusu siku, kwa hiyo watoto wake wakubwa walikuwa wanashuka ziwani. Kipindupindu kilimkuta yule wa mwisho, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika magoti ya mama yake. Jirani aliwapeleka kituo cha afya juu ya chukudu yake ya mbao ya kubebea mizigo. Walipofika, mutoto alikuwa ameshaisha. Wewe na mimi tulikwenda kwenye kilio. Mama Riziki alinishika mikono na kuniambia, "Madame, baliniambia tangi itakuja," na mimi, mwalimu wa jiografia, nilijua kwa nini halikuja na sikumwambia.

Jioni hiyo nilisema kila kitu mezani. Wingu, soda, kijana mwenye heshima. Baba yako alitikisa kichwa. Wewe uliuliza, "Mama, kule kuna nyumba ngapi?"

"Sijui," nikajibu. "Hakuna anayejua. Ndiyo shida yenyewe."

Halafu nikavuta madaftari ya wanafunzi nikaanza kusahihisha. Nilikuwa nimesema, na nilihisi kusema kunatosha. Wewe hukuhisi hivyo. Ulianza kwenda huko kila Jumamosi na Mama Riziki, simu mkononi, ukiweka nukta kwenye kila mlango, kila choo, kila shimo la maji, kila njia kati ya mawe. Kwangu ulisema unaenda kwaya. Nilikuamini, na nilikuwa nikisifu bidii yako kwa Mungu.

Wakati huo mji ulikuwa umeshaingia mikononi mwa wenye bunduki wapya. Bariyeri za askari zilikuwa mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, na watu walijifunza upya nani anasalimiwa vipi. Mabaharia wa Ureno zamani, nimekufundisha, ramani zao za bahari zilifungiwa ndani ya nyumba ya mfalme, na nahodha aliyemwuzia mgeni nakala alikuwa anacheza na shingo yake. Tulicheka darasani. Mmoja wenu alisema, "Kwa karatasi tu?" Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningepigiwa simu na mtu nisiyemjua, aniambie kwamba binti yangu yuko nao, amekamatwa anapima mji.

Yaliyofuata uliyaona kutoka kwenye ile kona ya kambi yao walipokukalisha, lakini hujui yalivyokuwa kwangu. Baba yako alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, hakuweza kufungua mdomo, mtu ambaye huongea na kila mwanajeshi wa barabara ya Rumangabo. Komanda alikuwa na simu yako.

"Huyu ni mutoto wako?"

"Ndiyo, komanda."

"Ndani ya simu iko na nukta mingi. Manyumba, manjia, mpaka nyuma ya kambi yetu. Nani alimutuma?"

"Hakuna aliyemutuma. Ni kazi ya shule. Mimi ndiye mwalimu wake."

"Hizi za bluu ni nini?"

"Ni vyoo."

Aliinua macho. "Vyoo?"

"Vyoo, komanda. Na zile nyekundu ni mahali watu wanachota maji. Watoto wanakufa kule. Wanafunzi wanatafuta kujua choo kiko mbali gani na maji."

Alikaa anasogeza kidole juu ya kioo, nukta moja baada ya nyingine. Askari mmoja nyuma yake alicheka, akanyamaza alipoona mkubwa wake hacheki. Nilitazama kidole kile na nikawaza jinsi kinavyopita juu ya mlango wa Mama Riziki, juu ya milango ya wanawake waliokukaribisha na kukupa mahindi ya kuchoma, kila mmoja mahali pake hasa, bila kosa. Ulikuwa umefanya kazi nzuri. Mtu yeyote mwenye simu ile angeweza kumfikia yeyote kati yao gizani.

"Peleka mutoto wako nyumbani," akasema mwishowe. "Nikimuona tena na hii kazi, sitaita mama yake."

Hakusema tufute. Nataka ujue kwamba ninalikumbuka hilo. Aliturudishia simu, na angeweza kusema futa, na hakusema. Mimi ndiye niliyefuta. Ulipokuwa unaoga nilikaa kitandani kwako na kufuta nukta zote, bluu na nyekundu, mpaka kwenye kioo pakabaki peupe. Kesho yake nikaenda shuleni kabla ya kengele, nikafuta na nakala uliyokuwa umeweka kwenye kompyuta. Nilifanya haraka, kama mtu anayezima moto.

Ulipojua hukupiga kelele. Ulisimama kwenye mlango wa jikoni ukasema, "Mama, umefanya kama yule mutu wa plani."

Nilikupiga kofi. Ni mara moja tu maishani, na sote wawili tumelihesabu. Baba yako akasema, "Mama Kavira, basi," na wewe ukatoka.

Mengine niliyasikia sokoni kama mtu baki. Kwamba ulikaa na wanawake wa kule kwenye mawe, mkapasua mfuko wa simenti, mkachora kwa makaa, kila mmoja akitaja jirani yake. Kwamba wao wenyewe waliubeba ule mfuko mpaka ofisi ya maji, wakakaa mlangoni juu ya bidoni zao za njano na kukataa kuondoka mpaka mtu atoke aende nao kwa miguu. Kwamba alitoka yuleyule kijana wa soda. Na tangi likaja.

Nilikwenda kuliona. Nilikwenda bila kukuambia. Na nilichokiona kilinikasirisha tena. Tangi lilikuwa limewekwa chini ya ukuta wa mawe, na nyumba nyingi ziko juu yake. Kwenye mfuko wa simenti njia ya kufikia nyumba hizo ilikuwa imenyooka kama barabara ya lami. Kwenye ardhi ni ngazi ya miamba yenye kukata miguu. Wanawake walikuwa wanaipanda na maji mgongoni. Wiki ileile Mama Riziki aliteleza akavunjika mkono. Alipokuja kuuza sambaza kwa mkono mmoja alikuambia, kwa kucheka, "Kavira, ulichora kilima yetu ikakuwa uwanja ya mupira." Wewe ulicheka naye. Halafu uliingia chumbani, na wiki chache baadaye ukatuambia kwamba unaacha udaktari.

Simu yako ilikuwa na urefu wa kila nukta, juu na chini. Ulijua hivyo, na mimi najua hivyo. Makaa hayakuweza kukumbuka miinuko yote. Hujawahi kuniambia kwamba ningeacha zile nukta tangi lingekaa juu. Unanyamaza kwa upole, na upole wako unanisumbua kuliko lile neno la mlangoni.

Sitasema tangi halikusaidia. Watoto kule wanaugua kidogo kuliko zamani, kila mtu anakiri. Lakini nakuandikia nikiwa na masomo mawili yanayopigana, na sina la tatu la kuyapatanisha. La kwanza ni la babu yako, kwamba asiyekuwa kwenye karatasi anaondolewa na hakuna anayeona. La pili ni la komanda, kwamba aliye kwenye karatasi anapatikana na yeyote mwenye karatasi. Yote mawili ni kweli, tena hapahapa, katika avenyu ileile. Nimekuwa mwalimu muda wote huu na sijui la kumwambia mtoto anayeuliza afanye lipi. Hiyo ndiyo hasira yangu. Ulidhani nimekasirika kwa ajili ya udaktari. Nimekasirika kwa sababu unaenda kuishi ndani ya swali ambalo mimi nilishindwa nalo, na unaenda ukitabasamu.

Nina mambo machache ninayoyajua kwa hakika, na yote nimeyapata kwa kukosea. Mahali usipopajua, andika kwa maneno kwamba hupajui. Usiache peupe, kwa sababu peupe kila mtu anasoma anachokitaka. Mtu akikuonyesha ramani nzuri, uliza kwanza nani atakayeishika baada yako. Na usiniamini mimi ninapoogopa. Nikiogopa nageuza ramani, nafuta, natoa kofi, kisha natafuta sababu nzuri. Umeniona mara mbili. Pengine umerithi kidogo, jichunguze.

Kuhusu zile nukta, nimetaka kuomba msamaha tangu siku ile, na kila nikianza sentensi inakataa, kwa sababu kuna kitu nikikisema nitakuwa nadanganya. Nikisema ningerudi nyuma nisifute, nitakuwa nadanganya. Mtu akinirudisha kwenye kile kitanda, simu yako mkononi, na sauti ya maji unayooga naisikia, nafuta tena. Nafuta nikijua habari ya tangi na mkono wa Mama Riziki. Kuliko wakurudie wewe, nafuta Mabanga yote. Kofi, hilo naliombea msamaha, na ningependa lisiwe limetokea. Lakini lile jingine siwezi kulitubu, na siwezi kulitetea.

Na wewe, najua, ungetoka tena Jumamosi na simu yako.

Kwa hiyo nenda. Walimu wako watakufundisha vipimo na satelaiti na yote ambayo sisi hatukuwa nayo. Waulize pia hili letu; usione aibu kwamba linatoka jikoni kwa mama yako. Waulize inatengenezwaje ramani inayompelekea Mama Riziki maji bila kumpelekea mwenye bunduki mlangoni. Wakisema hakuna, usikubali haraka. Wakisema ipo, jifunze yote, uje unionyeshe, na mimi nitatafuta kosa ndani yake kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nitakuwa nataka sana lisiwepo.

Baba yako amesharudi, na sasa nakusikia nawe uani. Unamwuliza baba yako, "Mama iko wapi?" na yeye anasema anadhani nimelala. Sijalala. Nitaukunja huu waraka niuweke juu ya nguo zako, halafu nitatoka tukae, na kama nitakuwa na uso mbaya, usijali, ni uso nilio nao leo.

Mama yako